Chhaava: ugomvi wa kiti uliovishwa joho la dini

Tarehe 17 Machi 2025 mji wa Nagpur, katika jimbo la Maharashtra nchini India, uliingia katika ghasia kwa sababu ya kaburi la mtu aliyekufa miaka 318 kabla. Mchana wa siku hiyo wafuasi wa Vishva Hindu Parishad na Bajrang Dal, makundi ya Wahindu wenye msimamo mkali, waliandamana wakidai kaburi la Aurangzeb, mfalme wa sita wa Wamughal, nasaba ya Kiislamu iliyotawala sehemu kubwa ya India, liondolewe huko Khuldabad, mamia ya kilomita kutoka Nagpur, wakachoma mfano wa kaburi hilo uliofunikwa kitambaa cha kijani. Kufikia magharibi uvumi ulikuwa umeshazunguka kwamba kitambaa kile kilikuwa na aya za Qurani. Usiku magari yakateketea, askari zaidi ya 30 wakajeruhiwa, na amri ya kutotoka nje ikatangazwa. Majeruhi mmoja alifariki dunia siku chache baadaye. Kulipokucha Waziri Kiongozi wa jimbo, Devendra Fadnavis, alisimama bungeni akasema kwamba filamu ya Chhaava, inayosimulia habari za Sambhaji, mfalme Mhindu aliyeuawa na Aurangzeb, ndiyo iliyoamsha upya hasira za watu dhidi ya Aurangzeb. Tangu siku hiyo kauli hiyo imekuwa kama hukumu: wanaoipenda filamu wanaisema kwa fahari kwamba imewaamsha watu, na wanaoichukia wanaisema kwa kulaumu kwamba imewapandisha watu mori.

Pande zote mbili, kwa maoni yangu, zimekosea. Filamu haikuleta ghasia za Nagpur, na kosa lake kubwa halimo katika yale inayoyasema kuhusu ukatili wa Aurangzeb, ambayo mengi yana msingi. Kosa lake ni kuuchukua ugomvi wa kiti, ardhi na urithi, ambao ndani yake mwanamfalme Mwislamu alimwokoa mfalme Mhindu na Mhindu akamuuza shemeji yake, na kuuvisha ugomvi huo joho la dini mpaka mtazamaji asiweze tena kuona mwili uliomo ndani. Tofauti hii ni kubwa, kwa sababu uongo hukanushwa kwa ushahidi, lakini tukio la kweli lililobadilishwa mpangilio huzidi kupata nguvu kila linapothibitishwa.

Nianze na filamu yenyewe. Chhaava, neno la Kimarathi lenye maana ya mwana wa simba, iliongozwa na Laxman Utekar na kutolewa tarehe 14 Februari 2025. Vicky Kaushal anaigiza Sambhaji, mfalme wa pili wa Wamaratha, Wahindu wa eneo la Maharashtra ya leo, na mtoto wa Shivaji, mwanzilishi wa dola yao. Akshaye Khanna anaigiza Aurangzeb mzee, mnyamavu, wa kutisha. Ilikuwa miongoni mwa filamu za Kihindi zilizoingiza fedha nyingi zaidi mwaka huo, zaidi ya rupia bilioni 7 duniani kote. Majimbo ya Madhya Pradesh na Goa yaliiondolea kodi, na Waziri Mkuu Narendra Modi aliisifu wiki moja tu baada ya kutoka. Kwa macho ni karamu: ngome juu ya majabali, farasi wanaotoka ukunguni, panga, ngoma na mavazi ambayo kila uzi wake unaonekana kulipiwa. Sehemu ya mwisho, ambayo ni ndefu kupita kiasi, ni ya mateso. Sambhaji anang'olewa kucha, anapakwa chumvi kwenye majeraha, anatobolewa macho. Sisi tuliokulia kwenye picha za Kihindi tulizoea kanuni kwamba steling hafi. Hapa steling anakufa polepole mbele ya macho yetu, na ndiyo sababu watu walitoka kumbini wakilia.

Niliitazama Mombasa, nyumbani kwa dada yangu, baada ya kuingia Netflix mwezi Aprili. Katikati ya filamu anatokea Mwanamfalme Akbar, mtoto wa Aurangzeb, akiomba hifadhi kwa Sambhaji. Mpwa wangu, mwenye miaka kumi na miwili, akanigeukia: "Mjomba, huyu si Mwislamu? Mbona yuko upande huu?" Nilianza kumjibu, mapigano yakaanza, akanyamazishwa na mama yake. Filamu nayo ilimpita Akbar haraka hivyo hivyo. Ninalitaja tukio hili kwa sababu mtoto aliuliza swali ambalo wahariri wa magazeti mengi hawakuliuliza, na jibu lake ndilo historia yenyewe.

Jibu linaanzia kabla ya pale filamu inapoanzia. Shivaji alifariki Aprili 1680 akiacha watoto wawili wa kiume wa mama tofauti. Mkubwa, Sambhaji, alikuwa na doa ambalo mabwana wa kasri hawakulisahau: mwaka 1678 alimkimbia baba yake na kujiunga na jeshi la Wamughal chini ya jemadari Diler Khan, akakaa huko karibu mwaka mzima kabla ya kurudi. Mdogo, Rajaram, alikuwa na miaka kumi, na mama yake, Soyarabai, pamoja na mawaziri kadhaa wakiongozwa na Annaji Datto, walimkalisha kitini haraka ili watawale kwa mgongo wake. Mpango ulivunjwa na mtu ambaye hakuna aliyemtarajia, jemadari mkuu Hambirrao Mohite, ambaye ni kaka wa Soyarabai mwenyewe: alimwacha dada yake na mpwa wake wa damu, akasimama na Sambhaji. Sambhaji akatawazwa Januari 1681. Mwaka huo huo njama ya pili ikapangwa, na wapangaji wakamwandikia barua Akbar, ambaye alikuwa ameshaingia katika himaya ya Wamaratha, wakimtaka awaunge mkono. Akbar aliipeleka habari hiyo kwa Sambhaji. Annaji Datto na wenzake waliuawa kwa kukanyagwa na tembo, na Soyarabai hakuuona mwaka uliofuata. Kwa hiyo mfalme Mhindu aliyetaka kuangamizwa na mama yake wa kambo na mawaziri wa Kibrahmani aliokolewa na mtoto wa Aurangzeb.

Akbar naye alifikaje huko? Mapema mwaka 1681 alimwasi baba yake akiungwa mkono na Warajput, wapiganaji wa Kihindu wa Rajasthan waliokuwa wamekasirishwa na Aurangzeb kuingilia urithi wa kiti cha Marwar. Uasi uliposhindwa, Durgadas Rathore, Mrajput, ndiye aliyemvusha mwanamfalme huyo hadi kwa Wamaratha. Aurangzeb alipohamia kusini na jeshi lake lote, moja ya hofu zilizomsukuma ilikuwa kwamba mtoto wake na Sambhaji wangeungana na kuandamana mpaka Delhi. Baba aliyemfunga baba yake mwenyewe, Shah Jahan, katika ngome ya Agra tangu 1658, na kumuua kaka yake Dara Shikoh mwaka 1659, alijua vizuri mno jinsi viti vinavyochukuliwa. Hakurudi tena kaskazini. Na alipokuwa huko kusini, kabla ya kumkamata Sambhaji, aliziangusha kwanza dola mbili za Kiislamu: Bijapur mwaka 1686 na Golconda mwaka 1687. Mwanawe mwingine, Shah Alam, alifungwa miaka kadhaa kwa kuwasiliana kwa siri na sultani wa Golconda, ambaye serikali yake ilikuwa imeendeshwa na ndugu wawili Mabrahmani, Madanna na Akkanna. Mtu anayetaka kuiita hii vita ya Waislamu na Wahindu itambidi awaondoe watu wengi sana jukwaani kabla ya kuanza kusimulia.

Hata ndani ya majeshi picha ni hiyo hiyo. Jemadari aliyemlazimisha Shivaji kusalimisha ngome 23 kwa mkataba wa Purandar mwaka 1665 alikuwa Jai Singh, Mrajput na Mhindu, akimtumikia Aurangzeb. Na katika mkataba huo huo Sambhaji, akiwa na miaka minane, aliandikishwa kuwa ofisa wa Kimughal mwenye cheo cha watu 5,000. Mwanahistoria M. Athar Ali wa Aligarh alipowahesabu maofisa wa ngazi za juu wa Aurangzeb katika miaka ya 1679 hadi 1707, alikuta karibu theluthi moja walikuwa Wahindu, na zaidi ya nusu ya Wahindu hao walikuwa Wamaratha. Yaani kipindi kile kile ambacho filamu inakionesha kuwa cha ukuta mmoja wa Wamaratha dhidi ya ukuta mmoja wa Wamughal, Wamaratha walikuwa wakiingia kwa Aurangzeb kwa makumi, kila mmoja akitafuta cheo na mapato ya ardhi.

Ardhi ndiyo inayotufikisha kwenye kukamatwa kwa Sambhaji. Familia ya Shirke, ukoo wa mke wake Yesubai, ilitaka irudishiwe haki zake za urithi wa ardhi na kodi, ambazo kwa Kimarathi huitwa watan. Sambhaji alikataa, na mwaka 1688 ugomvi ukafikia mapigano ya wazi. Tarehe 1 Februari 1689 alishikwa ghafla huko Sangameshwar na kikosi cha Muqarrab Khan, jemadari aliyekuwa zamani akimtumikia sultani wa Golconda. Simulizi nyingi, na filamu pia, zinamtaja shemeji yake, Ganoji Shirke, kuwa ndiye aliyetoa habari. Alipofikishwa mbele ya mfalme, waandishi wa wakati ule wanasema aliulizwa mambo mawili: hazina zake zimefichwa wapi, na ni maofisa gani wa Kimughal waliokuwa wakiwasiliana naye kwa siri. Hayo ni maswali ya mtawala anayeogopa wasaliti na anayetaka fedha ya kulipia vita. Sambhaji alijibu kwa matusi makali, yakiwemo, kwa mujibu wa waandishi hao, matusi juu ya dini ya mfalme, na tarehe 11 Machi aliuawa akiwa na miaka 31, pamoja na rafiki yake Kavi Kalash. Filamu inaliweka mbele sharti la kubadili dini. Suala la dini halikukosekana, lakini kulifanya ndilo kiini cha mahojiano ni uchaguzi wa mwandishi wa filamu, na uchaguzi huo una matokeo.

Sasa niwape wanaoitetea filamu haki yao, maana hoja zao si hafifu zote. Ya kwanza ni kwamba Sambhaji amepuuzwa. Ni kweli, nje ya Maharashtra wanafunzi wengi wa India walimaliza shule wakijua orodha ya wafalme wa Kimughal kwa mfuatano huku Wamaratha wakipewa kurasa chache, na watu wenye kumbukumbu ya babu aliyeteswa wana haki ya kuiona ikisimuliwa kwa gharama na heshima. Ya pili ni kwamba Aurangzeb hakuwa mtakatifu anayesingiziwa. Aliamuru kubomolewa kwa hekalu la Vishwanath huko Banaras mwaka 1669, akarudisha kodi ya jizya kwa wasio Waislamu mwaka 1679, akamuua Guru Tegh Bahadur wa Masingasinga mwaka 1675. Hoja ya tatu ndiyo yenye akili zaidi. Inasema filamu yenyewe inakataa chuki, kwa sababu Aurangzeb anapomtaka Sambhaji ajiunge naye na abadili dini, Sambhaji anamjibu kwamba aje yeye kwa Wamaratha, na wala hatatakiwa kubadili dini yake. Ukumbini watu walipiga makofi. Ni jibu zuri kweli, na kama filamu ingekuwa imetuonesha vya kutosha Waislamu walioishi kwa masharti hayo upande wa Wamaratha, lingekuwa na uzito. Lakini sentensi moja ya kuvumiliana haiwezi kushindana na nusu saa ya kucha zinazong'olewa na watu waliopewa sura moja, lugha moja na dini moja. Mtazamaji hatoki na sentensi, anatoka na kucha.

Upande wa pili nao una hoja yake mbovu, na imesikika sana kwetu hapa, hasa miongoni mwa Waislamu waliokasirishwa na filamu. Ni ile ya kumsafisha Aurangzeb: kwamba alishona kofia na kunakili Qurani kwa mkono ili apate fedha ya kuzikwa, kwamba kaburi lake lilitakiwa kugharimu rupia 14 na ana 12 (ana ni sarafu ndogo kuliko rupia) zilizotokana na kofia hizo, kwamba mtu mcha Mungu namna hiyo hawezi kutesa. Habari ya kofia ni mashuhuri, na kaburi lenyewe, la udongo lisilo na kuba, chini ya anga, ni ushahidi wa usahili wake. Lakini kofia haziondoi damu ya Dara Shikoh, wala ya Sarmad, yule mshairi wa kisufi aliyekatwa kichwa Delhi mwaka 1661. Mwanasiasa Abu Azmi alipomsifu Aurangzeb kuwa mtawala mwema, mwanzoni mwa Machi 2025, alisimamishwa kuhudhuria bunge la Maharashtra. Kumsimamisha ni upuuzi, lakini alichokisema hakikusaidia chochote, kwa sababu kilikubali mpaka ule ule uliochorwa na filamu. Mmoja anasema mfalme wetu alikuwa mwema na wenu mbaya, mwingine anageuza majina. Hakuna anayeuliza kwa nini Aurangzeb awe "wetu" hata kidogo. Mkulima wa Golconda, Mwislamu, aliyeporwa ghala na majeshi ya Aurangzeb mwaka 1687 hakuwa na sababu ya kumwita wake.

Tuje kwenye hoja ambayo naiona dhaifu kuliko zote, nayo ndiyo iliyosemwa kwa sauti kubwa kuliko zote: kwamba filamu ndiyo iliyowasha Nagpur. Chhaava ilioneshwa mwezi mzima, katika maelfu ya kumbi, kwa mamilioni ya watu, kabla ya tarehe 17 Machi. Watu walilia na kupiga kelele ndani ya kumbi, kisha wakaenda nyumbani kula. Ili kupata moto wa Nagpur ilibidi yaongezwe mambo ambayo hayamo kwenye mkanda wowote: vyama vilivyopanga maandamano siku moja katika miji kadhaa, wanasiasa waliodai hadharani kaburi lifukuliwe, mfano wa kaburi uliotengenezwa ukachomwa mchana kweupe, na uvumi uliosafiri kwenye simu kabla haujachunguzwa. Mkuu wa serikali anayesimama bungeni na kuitaja filamu anajiondoa yeye na polisi wake katika hesabu. Na mkosoaji anayerudia kauli hiyo kwa nia njema, akitaka filamu ipigwe marufuku, anamsaidia kufunga daftari.

Ninachokubali ni kwamba filamu hufundisha watu namna ya kuisoma nchi yao, na ushahidi bora wa hilo haukutoka Nagpur bali katika kijiji kilicho karibu na ngome ya Asirgarh, wilaya ya Burhanpur, Madhya Pradesh. Filamu inafunguliwa kwa uvamizi wa Burhanpur na kuonesha hazina ya Wamughal iliyokuwa huko. Wiki chache baada ya kutolewa, wanakijiji walianza kwenda mashambani usiku na majembe, tochi, chekecheo na vifaa vya kutambua madini, wakichimba udongo uliokuwa umefukuliwa kwa ajili ya ujenzi wa barabara, kwa sababu kulikuwa na habari kwamba sarafu za kale zimeonekana humo. Picha za usiku ule zinaonesha nuru ndogondogo zimetapakaa shambani kama wavuvi wa dagaa baharini. Asubuhi yalibaki mashimo, na polisi wakaja kuwazuia. Nilicheka nilipoziona, kisha nikaacha kucheka. Watu wale waliitazama filamu kama ramani. Waliotaka hazina wakaenda Asirgarh, waliotaka adui wakaelekezwa Khuldabad, na tofauti kati ya makundi hayo mawili ni nani aliyekuja kuwaongoza baada ya taa za ukumbi kuwashwa.

Kuna jambo lingine dogo ambalo limepitwa na wachambuzi, na kwangu linaeleza zaidi kuliko hotuba zote. Filamu ilirekebishwa na kuombewa radhi katika mambo mawili. Kwanza, kabla haijatoka, onesho la Sambhaji akicheza lezim, ngoma ya jadi ya Maharashtra, na mkewe liliondolewa kwa sababu walioandamana walisema si heshima mfalme kucheza. Pili, baada ya kutoka, wazao wa ukoo wa Shirke walitishia kwenda mahakamani kwa kuoneshwa babu zao kuwa wasaliti, na mwongozaji akawaomba radhi. Yaani sehemu ambayo ingeweza kumwambia mtazamaji kwamba mfalme huyu aliangushwa na mgogoro wa mashamba kati yake na wakwe zake, hiyo ndiyo iliyowaudhi watu wenye sauti. Wamughal hawana ukoo wenye sauti kama hiyo. Kwa hiyo kila filamu ya aina hii ikipita kwenye chujio la malalamiko, kinachobaki ni usaliti mdogo zaidi wa ndani na uovu mkubwa zaidi wa nje, hata kama mwongozaji hakukusudia. Fedha nazo zinavuta upande huo huo: filamu iliyogharimu fedha nyingi namna hii lazima ieleweke na mtu wa Pune, wa Patna na wa Dubai ndani ya dakika kumi za mwanzo, na mgogoro wa watan hauelezeki kwa dakika kumi. Dini inaelezeka kwa rangi ya kilemba.

Historia ya baadaye ya Wamaratha wenyewe inatosha kuivunja ramani hiyo ya rangi. Kati ya 1741 na 1751 majeshi ya Raghuji Bhonsle, yaliyotoka Nagpur hii hii, yaliivamia Bengal mwaka baada ya mwaka, yakipora na kuua Wahindu na Waislamu bila kuwabagua, mpaka akina mama wa Kibengali wakatunga wimbo wa kubembeleza watoto unaosema mtoto amelala, mtaa umetulia, wabargi wameingia nchini. Wabargi ndio hao wapanda farasi wa Kimaratha. Mwaka 1791 askari wa jeshi la Wamaratha waliipora nyumba ya watawa wa Kihindu ya Sringeri, na aliyetuma fedha ya kuikarabati alikuwa Tipu Sultan, mtawala Mwislamu wa Mysore. Sambhaji mwenyewe, mwishoni mwa 1683, alikaribia kuiteka Goa kutoka kwa Wareno, hata gavana wao, inasimuliwa, akaenda kuweka fimbo yake ya utawala kwenye jeneza la Mtakatifu Francis Xavier kuomba muujiza. Muujiza ulikuja ukiwa umevaa kilemba cha Kimughal: jeshi la Shah Alam lilipokaribia, Sambhaji alilazimika kuondoka. Wakristo wakaokolewa na Waislamu kutoka kwa Mhindu, bila yeyote kati yao kukusudia hivyo.

Goa hiyo inatuhusu, maana wakati ule ndiyo iliyokuwa ikituma makapteni wa kuitawala Mombasa. Na Mombasa ina kisa chake kinachongoja mtu mwenye fedha na kamera. Mwaka 1614 Sultani Hasan wa Mombasa aliuawa kwa njama ya Wareno na kichwa chake kikapelekwa Goa. Mwanawe Yusuf, mtoto mdogo, akapelekwa huko huko kulelewa na mapadri wa Kiaugustino, akabatizwa Dom Jerónimo, kisha akarudishwa kukaa kitini kama mfalme Mkristo. Agosti 1631 aliingia Fort Jesus, akamuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa, akarudi katika Uislamu, na Wakristo waliokataa kusilimu wakauawa. Mtu anaweza kutengeneza kutokana na hayo filamu ya mashahidi wa Kikristo, na mwingine akatengeneza filamu ya shujaa wa Kiislamu, na zote mbili zikajaza kumbi. Lakini habari zilizobaki zinasema pia juu ya kapteni aliyemdharau na kumbana, juu ya kijana aliyeonekana usiku kwenye kaburi la baba yake akiomba kwa namna ya Kiislamu, na juu ya hofu kwamba atasafirishwa Goa kuhukumiwa kwa hilo. Alipoondoka mwaka 1632 hakuacha dola ya dini yoyote. Alichukua meli, akawa haramia, akafia Bahari ya Shamu. Atakayeigiza kisa hiki bila kile kichwa kilichopelekwa Goa na bila lile kaburi la usiku atakuwa ametengeneza Chhaava ya Kimombasa, na sisi tutapigana mitandaoni kuhusu nani alimwonea nani.

Kuhusu makaburi, baada ya ghasia za Nagpur lile la Aurangzeb lilizungushiwa mabati na uzio wa waya ili lisifikiwe. Mji mkubwa ulio karibu na Khuldabad ulibadilishwa jina rasmi mwaka 2023: ulikuwa Aurangabad, sasa ni Chhatrapati Sambhajinagar, na wengi wanadhani kwa hilo historia yake imerudishwa mahali pake. Lakini mji huo haukuanzishwa na Aurangzeb wala na Sambhaji. Ulianzishwa mwaka 1610, kwa jina la Khadki, na Malik Ambar, Mhabeshi aliyeuzwa utumwani akiwa kijana, akapitia Uarabuni, akafika Deccan, nyanda za kusini mwa India, na kupanda mpaka akawa mtawala halisi wa dola ya Ahmadnagar. Alipigana na Wamughal kwa zaidi ya miaka ishirini kwa vita vya kuvizia, akiwatumia wapanda farasi wa Kimaratha. Katika ushindi wake wa Bhatvadi mwaka 1624 mmoja wa waliokuwa upande wake alikuwa Shahaji Bhonsle, babu yake Sambhaji. Wamaratha walijifunza sehemu kubwa ya vita vyao kwa Mwafrika Mwislamu aliyekuwa akipigana na Waislamu wengine. Alifariki mwaka 1626, na amezikwa Khuldabad, katika mji ule ule lilipo kaburi lililozungushiwa mabati. Sijasikia kwamba kuna chama chochote kilichoandamana kudai kaburi lake liondolewe, wala mtayarishaji yeyote wa Mumbai aliyetenga mabilioni ya rupia kwa ajili yake.